Mtahini ni Nani? Okot p'Bitek, Kisumu na Ufundishaji Jumuishi wa Sanaa katika Elimu ya Juu

UTANGULIZI

Katika mijadala ya elimu ya juu ya Afrika Mashariki, ufundishaji jumuishi umezoeleka kuzungumzwa kama suala la lango. Huulizwa ni nani aliyeingia chuoni na ni nani aliyeachwa nje. Kama upo mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu. Kama karo inamruhusu mtoto wa mvuvi kumaliza mwaka wa kwanza. Kama vitabu vya Braille vimo maktabani. Maswali hayo ni ya haki, na nchini Kenya yana nguvu ya sheria. Katiba ya mwaka 2010 inamhakikishia mtu mwenye ulemavu nafasi katika taasisi za elimu, na katika kifungu cha 7 inaitaka dola iendeleze matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya na Braille. Hata hivyo, katika masomo ya sanaa za ubunifu, yaani muziki, ngoma, tamthilia na utunzi, lipo swali jingine ambalo lango peke yake haliwezi kulijibu. Swali hilo ni la mamlaka: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba utendaji huu umefaulu na ule umeshindwa? Mwanafunzi anaweza kufunguliwa lango, akapewa kiti, akafundishwa hata nyimbo za kwao, na bado siku ya mtihani akapimwa kwa kipimo kisichoweza kukiona anachokijua.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea kisa kimoja, nacho ni kazi ya Okot p'Bitek mjini Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na hoja za insha zake katika Africa's Cultural Revolution (1973). Kisa hicho kinasomwa sambamba na sanaa ya utendaji inayoendelea mjini humo, hasa katika mtaa wa Kondele, ulio kando ya barabara ya kuelekea Kakamega. Kondele na Chuo Kikuu cha Maseno, kilichoanza kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991 na kupata hadhi kamili mwaka 2001, vimetenganishwa na safari fupi ya matatu. Kinachovitenganisha kwa hakika ni namna mbili za kutoa hukumu juu ya sanaa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mageuzi ya miaka ya 1960 yalibadili kinachofundishwa na, kwa muda mfupi, yalibadili anayehudhuria. Lakini kiti cha mtahini hayakukigusa. Maadamu kiti hicho hakijaguswa, ujumuishi katika sanaa hubakia ukarimu wa mwenye nyumba kwa mgeni wake.

MIEZI MIWILI YA MWAKA 1968

Tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake paundwe idara ambayo Afrika itakuwa kitovu chake. Waraka huo umejadiliwa mno katika uhakiki, na ni haki yake. Fasihi simulizi ilipata mlango wa kuingilia katika silabasi, na baadaye ikateremka hadi shule za sekondari.

Tukio la pili halijajadiliwa kwa kiwango hicho. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Okot p'Bitek, ambaye alikuwa mkufunzi wa masomo ya nje ya chuo kwa niaba ya chuo hichohicho cha Nairobi, aliandaa Tamasha la Sanaa la Kisumu. Okot, mzaliwa wa Gulu mwaka 1931, alikuwa ameongoza Kituo cha Utamaduni cha Taifa mjini Kampala, akaondolewa baada ya kuikosoa serikali ya Uganda. Alipofika Kisumu hakuwa mgeni kabisa, kwa kuwa Kiacholi na Dholuo ni lugha za ukoo mmoja. Tena alikuja na sifa ya utenzi wake wa Lawino, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966, ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata mwaka 1975 kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino.

Matukio haya mawili aghalabu husomwa kama sura mbili za wazo moja. Yakitazamwa kwa makini, yanaelekea pande tofauti. Waraka wa Oktoba uliandikiwa chuo, ukajadiliwa na chuo, na ushindi wake ulikuwa ushindi wa ndani ya chuo: masimulizi na nyimbo za wananchi zilipandishwa hadi ukumbi wa mihadhara. Tamasha la Desemba lilikiteremsha chuo hadi mjini. Idara ya masomo ya nje ya chuo ilikuwa na kazi ya kuwafundisha watu wasio na nafasi ya kusomea shahada. Mikononi mwa Okot, kazi hiyo ilizidi mihadhara ya jioni. Mji wenyewe, pamoja na wapigaji na wachezaji wake, ukawa ndio somo.

Tofauti hiyo ina uzito kwa suala la ujumuishi. Katika njia ya waraka, mwanafunzi hutumwa kijijini na kinasa sauti, humrekodi bibi au mpiga nyatiti, hurudi chuoni, huandika tasnifu na kutunukiwa shahada. Wimbo umeingia; mwimbaji amebaki alipokuwa. Katika njia ya tamasha, mwimbaji huja na wimbo wake, na akiwapo yeye, hawezi kufasiriwa kiholela, kwa kuwa yupo wa kukanusha. Hata hivyo, njia ya pili ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Tamasha ni siku chache, na siku hizo zikiisha, alama, vyeti na ajira hubaki vikitolewa palepale vilipokuwa vikitolewa.

UFAFANUZI WA OKOT NA MIPAKA YAKE

Katika insha zake, Okot alishambulia fasili ya fasihi iliyoifunga sanaa ya maneno ndani ya maandishi. Kwake, fasili hiyo ilikuwa ya kibaguzi na ya kitabaka, kwa sababu iliwaondoa katika uwanja wa fasihi watu wote wasiojua kuandika, hata kama ni watunzi mahiri. Badala yake alipendekeza kwamba fasihi ni kazi zote za ubunifu wa binadamu zinazoelezwa kwa maneno, yawe yamesemwa, yameimbwa au yameandikwa. Hali kadhalika, aliutilia shaka ukumbi wa tamthilia uliojengwa kwa desturi ya Ulaya, wenye tikiti mlangoni na mpaka kati ya jukwaa na viti, akaulinganisha na uwanja wa kijijini ambamo kila aliyehudhuria ni mshiriki.

Fasili hiyo ilikuwa hatua kubwa, na hadi leo haijatekelezwa ipasavyo. Lakini mhakiki hana budi kuipima kwa kipimo chake yenyewe. Okot alitaja njia tatu za neno: kusema, kuimba na kuandika. Kiziwi anayetunga shairi kwa mikono na uso, katika Lugha ya Ishara ya Kenya, hamo katika orodha hiyo. Neno lake halisemwi kwa sauti, haliimbwi wala haliandikwi, linatendwa. Si haki kumlaumu Okot kwa kutojua mwaka 1973 jambo ambalo Katiba ya Kenya ilikuja kulitambua mwaka 2010. Hata hivyo, pengo hilo linafunza kwamba kila fasili inayofungua mlango mmoja huwa na ukuta wake, na ukuta huo hauonekani kwa anayefasili, bali kwa anayeugonga.

Ukuta wa pili umo katika ile picha ya uwanja wa kijijini ambamo wote hushiriki. Uwanja huo haukuwa wa wote. Nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo, kilikuwa kwa jadi chombo cha wanaume. Mwanamke aliweza kuimba, kucheza na kumtunza mpigaji, lakini kuketi kwenye kigoda, kufunga njuga za gara mguuni na kugonga ubao wa chombo kwa pete ya kidoleni kulikuwa mwiko kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanamke wa Kijapani anayejulikana kwa jina la kisanii la Anyango alifundishwa nyatiti na fundi mzee huko Siaya, akawa mpigaji mashuhuri. Kisa chake husimuliwa kama ushindi, nacho ni ushindi. Hata hivyo, kinazua swali chungu: ilikuwaje mwiko ukamlegezea mgeni kabla haujawalegezea mabinti wa wapigaji wenyewe? Sehemu ya jibu huenda ni kwamba mgeni hakuwa na nafasi katika ukoo ambayo kupiga kwake kungeivuruga. Jadi ilimpokea kwa kuwa haikumhesabu.

Basi kurejea kijijini si dawa ya ubaguzi wa chuo. Chuo kina lango lake na jadi ina lango lake, na mwanafunzi wa kike wa Kisumu anayetaka kusomea nyatiti hulazimika kuyavuka yote mawili. Anayefundisha sanaa hawezi kujificha nyuma ya mojawapo ili kulikwepa jingine.

KONDELE NA HUKUMU YA HADHIRA

Ikiwa jadi nayo ina kasoro, kwa nini basi irejelewe? Jibu linapatikana katika namna inavyotoa hukumu. Kumbi za starehe za Kondele ni miongoni mwa mahali ambapo ohangla na benga hupigwa hadi usiku wa manane. Ohangla, muziki wa ngoma uliokuwa zamani wa misiba na sherehe za watu wazima, leo una vinanda vya umeme na vipaza sauti. Pia ulimpa mwanamke nafasi ya mbele kuliko nyatiti ilivyofanya, kama inavyodhihirika katika umaarufu wa marehemu Lady Maureen. Ndani ya utendaji huo mna desturi ya pakruok, yaani majigambo. Msikilizaji huinuka, humtunza mwanamuziki kwa fedha, muziki hutulizwa, naye hujisifu au humsifu rafiki, mke, kijiji au ukoo wake kwa maneno ya ufundi na mafumbo. Mwanamuziki huyadaka maneno hayo na kuyafuma katika wimbo papo hapo.

Pakruok ina thamani ya kinadharia ambayo haijatumiwa vya kutosha katika uhakiki wa utendaji. Kwanza, inaondoa mpaka kati ya fanani na hadhira, kwa kuwa aliyekuwa akisikiliza huwa mtunzi kwa dakika chache. Pili, ni mtihani. Fanani asiyejua nasaba za watu, asiye na wepesi wa ulimi, au asiyeweza kurudi katika mdundo baada ya kukatizwa, huanguka mbele ya watu, na anguko lake hujulikana mtaa mzima kabla ya mapambazuko. Wanaohofia kwamba kuitambua sanaa ya mtaani kutashusha viwango wangefaa kulitafakari jambo hili. Mtihani wa Kondele hauna marudio, wala hauna alama za huruma.

Sasa ichukuliwe hali ya mwanafunzi aliyekulia katika mazingira hayo, akapata bahati ya kuingia chuoni kusomea muziki. Katika idara nyingi za muziki zilizorithi desturi ya Ulaya, atapimwa kwa kusoma nota asizowahi kuziona, kwa kueleza nadharia ya mwafaka wa sauti, na kwa kupiga kipande kilichoandaliwa mbele ya watahini wachache walioketi kimya. Katika chumba hicho hakuna wa kumkatiza wala wa kujigamba. Ule ustadi unaomtofautisha fundi na mwanagenzi, yaani kumjibu mtu aliye mbele yake, hauwezi kuonekana kwa sababu hakuna mtu wa kujibiwa. Mwanafunzi huyo atapata alama ya wastani, na ripoti itasema kwamba anahitaji kujitahidi zaidi. Ripoti haitakuwa ya uongo juu ya yaliyopimwa. Itakuwa imenyamaza juu ya yasiyopimwa.

Hapa ndipo methali ya Waswahili inapopata uzito mpya. Mcheza kwao hutunzwa, husemwa, na kwa kawaida methali hiyo hufasiriwa kwa kuegemea neno la mwisho, yaani tuzo. Lakini sharti la tuzo limo katika neno kwao. Anayecheza mahali ambapo hatua zake hazijulikani hatunzwi, hata angekuwa bingwa. Ufundishaji jumuishi wa sanaa, ukifikiriwa kwa methali hiyo, ni kazi ya kukifanya chuo kiwe kwao kwa mchezaji. Na mahali huwa kwao palipo na watu wanaojua anachokifanya.

Yafaa pia kusisitizwa kwamba pakruok nayo si pepo. Mwenye fedha ndiye husemewa, na asiyekuwa nazo hukaa kimya. Vijana wasio na kazi ambao hufanya sehemu kubwa ya umma wa Kondele husikia sifa za wengine zaidi ya zao. Kwa hiyo kinachofaa kuigwa na chuo ni kanuni iliyo ndani ya desturi hiyo: kwamba sanaa ya utendaji hupimwa mbele ya wanaoijua, na wanaoijua wana sauti katika hukumu. Bei ya kupata sauti hiyo si lazima iigwe.

SIKIO, MKONO NA KARATASI

Katika mipango ya vyuo, mwanafunzi mwenye ulemavu na fundi asiye na vyeti huwekwa katika mafungu mawili tofauti. Wa kwanza ni suala la huduma maalumu; wa pili ni suala la utamaduni. Uchunguzi wa namna sanaa inavyofundishwa unaonyesha kwamba aghalabu kizuizi chao ni kimoja, nacho ni karatasi.

Nyatiti hufundishwa kwa sikio na mkono. Mwanagenzi huketi karibu na fundi, husikiliza, huiga, hukosea, hurekebishwa, na baada ya muda mrefu huruhusiwa kupiga mbele za watu. Hakuna hatua katika mafunzo hayo inayomlazimu kusoma. Kijana asiyeona, tuseme aliyetoka katika shule ya wasioona ya Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu, angeweza kufuata njia hiyo bila ya kuhitaji kifaa chochote cha ziada. Akifika katika idara ambamo nota za kuandikwa ndizo mlango wa kila somo, anageuka kuwa mwenye mahitaji maalumu. Macho yake hayakubadilika; kilichobadilika ni njia ya kufundishia. Ulemavu wake, kama ulemavu wa kielimu, umetengenezwa na silabasi. Ni kweli kwamba nota za Braille zipo na zafaa zitolewe. Lakini idara inayoishia kumtafutia Braille, bila ya kujiuliza kama kila somo lazima lipitie kwenye nota, imetibu dalili na kuacha ugonjwa.

Fundi asiyesoma na mwanafunzi asiyeona wanakutana basi mahali pamoja. Wote wawili wangenufaika na mtihani wa ana kwa ana unaofanywa kwa mazungumzo, kwa Dholuo au Kiswahili, ambamo mtahiniwa huulizwa kwa nini amechagua mdundo huu, huagizwa aubadilishe, na kutakiwa kuueleza utunzi wake kwa kuupiga. Mtihani wa namna hiyo hauwapendelei, kwa maana unadai maarifa yaleyale bila ya kuyatoza ushuru wa karatasi.

Hali ya mwanafunzi kiziwi ni ngumu zaidi, na haifai kurahisishwa kwa maneno matamu juu ya kusikia ngoma kwa miguu. Utamaduni wa sikio na ulimi humwacha nje kama utamaduni wa nota unavyomwacha nje asiyeona. Lakini katika tamthilia na ngoma, ambako mwili ndio chombo cha kwanza, mwanafunzi huyo huja na lugha kamili ya mikono, uso na nafasi. Maseno pana shule ya viziwi, na chuo kikuu cha hapo kina idara ya elimu maalumu. Kwa hiyo uwezekano wa kukutanisha lugha hiyo na jukwaa upo. Swali linarudi palepale. Igizo la kiziwi likipimwa na mtahini asiyejua Lugha ya Ishara, kwa kutegemea mkalimani anayeigeuza kuwa sauti, kinachopimwa ni tafsiri. Ushairi wa ishara, wenye urari wa maumbo ya mkono na mwendo wake, hupotea katika ukalimani huo kama vina vinavyopotea katika tafsiri ya shairi la Kiswahili. Hapana mhadhiri wa Kiswahili ambaye angekubali tungo za utenzi zitolewe alama kwa kusoma tafsiri yake ya Kiingereza. Hicho ndicho anachotendewa mshairi kiziwi.

MFANO WA BAGAMOYO

Huenda ikadaiwa kwamba haya yote ni matamanio, na kwamba chuo hakiwezi kumweka fundi asiye na shahada katika nafasi ya mwalimu. Historia ya Tanzania inaupunguza nguvu ubishi huo. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze kutoka Ugogo, aliingizwa katika kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960, na baadaye akawa miongoni mwa waliofundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kugeuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo mwaka 2007. Hadi alipofariki mwaka 2003, jina lake lilikuwa limejulikana duniani kote, na maarifa yake hayakutokana na digrii.

Mfano huo unaonyesha kwamba inawezekana. Unaonyesha pia kwamba iliwezekana kwa urahisi zaidi katika chuo cha mafunzo ya sanaa kuliko katika chuo kikuu, ambako ngazi ya kitaaluma imefungwa kwa shahada. Nchini Kenya ngazi hiyo ilikazwa zaidi mwaka 2014, pale Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo, vilivyozua ubishi mrefu, vya kumtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Katika fizikia au historia vigezo hivyo vinaweza kutetewa. Katika sanaa za utendaji vinaleta matokeo ya ajabu, kwani anayejua kupiga hawezi kufundisha, na anayefundisha aghalabu ameandika juu ya wanaojua kupiga.

Hatima ya Okot mwenyewe yatosha kuwa kielelezo. Mwaka 1970 Oxford ilikataa tasnifu yake ya uzamifu juu ya dini ya Waacholi na Walango. Mwaka uliofuata, kazi iliyotokana na utafiti huo, Religion of the Central Luo, ilichapishwa Nairobi, nayo imeendelea kusomwa. Makerere ilimpa nafasi ya profesa wa utunzi mwaka 1982, miezi michache kabla ya kifo chake mwezi Julai. Kwa vigezo vya mwaka 2014, mtu huyo asingestahili hata kuwa mhadhiri. Jambo hili halithibitishi kwamba watahini wa Oxford walikosea katika kila walilolisema. Linathibitisha kwamba hukumu moja, ya watahini wa namna moja, haitoshi kupima thamani ya kazi.

KITI CHA MTAHINI WA NJE

Jambo la kushangaza ni kwamba chuo kikuu tayari kina kiti kinachohitajika. Kwa desturi ya vyuo vya Afrika Mashariki, matokeo ya mitihani ya shahada hupitiwa na mtahini wa nje, anayealikwa kwa sababu haliwi tegemezi kwa idara na anaweza kusema bila ya upendeleo kama viwango vimefikiwa. Kwa mazoea, mtahini huyo hutoka katika chuo kikuu kingine. Lakini hakuna sababu ya kitaaluma inayosema kwamba nje maana yake ni chuo kingine tu. Kwa mtihani wa nyatiti, nje iliyo na maarifa ni Siaya, ni Seme, ni Kondele. Fundi aliyetambuliwa na mafundi wenzake anaweza kuketi pamoja na mhadhiri, akiwa na kura yenye uzito sawa, sababu zake zikaandikwa na karani kwa lugha aliyoisemea. Mhadhiri atapima anachokijua, yaani uchambuzi, historia na hoja. Fundi atapima anachokijua, yaani mkono, sikio na jibu. Kiziwi aliyebobea katika ushairi wa ishara ataketi katika kiti hichohicho siku ya mwanafunzi kiziwi. Na pale ambapo jadi ingetaka kumkataa mpigaji kwa sababu ya jinsia yake, kanuni za chuo zitamlinda, kwa kuwa fundi ataitwa kupima upigaji.

Mpango huu unakidhi haja ya pande zote mbili. Chuo kinazuiwa kuipima sanaa bila ya wenyewe, na wenyewe wanazuiwa kuligeuza lango la jadi kuwa kanuni ya chuo. Kenya tayari imeweka msingi wa kisheria wa fikra kama hiyo. Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ya mwaka 2014 iliunda mamlaka ya kusimamia ulinganifu wa vyeti, na wazo la kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa limekwisha kuwa sehemu ya sera. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, nao unatenga katika shule ya upili ya juu mkondo wa sanaa na michezo. Vijana wa mkondo huo watafika vyuoni, na vyuo vitaulizwa vimejiandaa kuwapima kwa macho ya nani.

Haifai kusahauliwa kwamba hadhira yenye mamlaka ya kuhukumu imekuwa ikiogopwa. Mwezi Oktoba 1969, miezi kumi baada ya tamasha la Okot, ufunguzi wa hospitali iliyo karibu na Kondele ulimalizika kwa risasi za vyombo vya usalama na vifo vya raia. Chama cha KPU kikapigwa marufuku, na mkusanyiko wa watu mjini Kisumu ukawa jambo la kutiliwa shaka. Mwaka 1977, igizo la Kamĩrĩĩthũ, ambalo wanakijiji walilihakiki na kulirekebisha katika mazoezi, lilipigwa marufuku. Katika mifano hiyo ya kisiasa woga ulikuwa na bunduki na amri. Chuoni woga huo ni wa upole zaidi, nao huitwa viwango.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwaka 1968 ulizaa njia mbili za kuileta sanaa ya umma katika elimu ya juu, na kwamba zote mbili zilisita mbele ya mlango uleule. Waraka wa Nairobi ulibadili silabasi. Tamasha la Kisumu lilibadili mahudhurio. Mtahini alibaki yuleyule. Fasili ya Okot, pamoja na upana wake, haikumwona kiziwi, na picha yake ya uwanja wa wote haikumwona mwanamke aliyekatazwa nyatiti. Kasoro hizo zinaifafanua zaidi kazi yake kuliko kuibatilisha, kwani zinaonyesha kwamba ujumuishi hauwezi kutangazwa mara moja na mtu mmoja, hata awe na nia njema kiasi gani. Kila kizazi kinalazimika kuuliza upya ni nani asiyeonekana katika fasili iliyopo.

Kwa idara za sanaa zilizo karibu na ziwa, swali hilo si la nadharia tupu. Kila mwaka huingia mwanafunzi anayejua jambo ambalo hakuna aliyeketi mezani anayelijua. Ama atafundishwa kulisahau ili afaulu, ama ataletwa mtu anayelijua aketi pamoja na wanaompima. Uamuzi huo hauhitaji jengo jipya wala fedha nyingi. Unahitaji barua moja ya mwaliko, na idara iliyo tayari kuisikiliza hukumu ya aliyealikwa.